Mkanda Uliorudi Nairobi

Jumapili, baada ya Asri. Garissa inaungua kama kawaida yake, umeme umepotea tangu asubuhi, na mimi nina hasira ambayo hata ndoo nzima ya maji haijaituliza.

Shajara, jana nilifanya mtihani wa mkanda mweusi wa karate. Nilifaulu kila kitu. Mkanda sina.

Ngoja nieleze kabla sijaanza kutukana watu.

Miaka sita nimefanya mazoezi katika ukumbi wa vijana chini ya Mwalimu Mutua. Nimefua ile sare nyeupe mpaka imesahau kwamba ilikuwa nyeupe. Nimeambiwa sitaolewa, nimeambiwa nitavunjika kiuno, na kuna shangazi mmoja aliyetangaza harusini, mbele ya wageni, kwamba Hodan anajifunza kumpiga mume kabla hajampata. Nikacheka, nikaendelea.

Jana alikuja mtahini kutoka Nairobi. Tulikuwa wanne, msichana ni mimi peke yangu. Nilipigana raundi tano, hijabu imelowa chapachapa, mdomo ukapasuka katika raundi ya nne na sikuomba kupumzika. Mtahini mwenyewe alisema kwa sauti, watu wote wakisikia, kwamba nimewashinda wenzangu.

Kisha tukapanga mstari kupokea mikanda. Wale watatu waliinama mbele yake, wakavishwa. Zamu yangu ilipofika niliweka mkono kifuani, kama ninavyomsalimu Mwalimu tangu siku ya kwanza. Mimi simwinamii binadamu. Mwalimu huinama, mimi huweka mkono kifuani, kisha tunaanza mazoezi. Miaka sita, na hakuna aliyekufa.

Mtahini akabaki ameushika mkanda, akisubiri. 

"Inama kidogo tu, Hodan," Mwalimu akaninong'oneza. "Hiyo si ibada, ni heshima."

Nitakiri hapa kwa sababu hapa ndipo ninapokiri: shingo ilianza kushuka.

Niliutaka ule mkanda kwa kufa na kupona. Na sijifanyi walii. Wiki hii swala ya Alfajiri imenipita mara mbili. Binamu yangu wa Eldas anacheza judo, anainama, na swala zake hazikosi. Simhukumu. Lakini nafsi yangu naijua mwenyewe. Kuinama nimemwekea Mungu peke yake, na hata siku ninazomkosea mengine, hilo sijamnyang'anya.

Nikainua shingo. Mtahini akaukunja mkanda, akaurudisha kwenye begi lake.

Nyumbani nilimkuta hooyo mlangoni. Mama yangu huyu, aliyepinga karate miaka yote sita, alinitazama kiunoni kabla ya kunitazama usoni.

"Wamekunyima? Kwani hukupiga vizuri?"

Nilipomweleza, akamwapiza yule mtahini kwa Kisomali cha kwao Banissa, yeye na begi lake, mpaka nikacheka na mdomo wangu uliovimba. Halafu nikalia. Nililia sana, sitadanganya.

Leo mchana ujumbe wa Mwalimu ukaingia: "Hodan, nimemwomba sana na amekubali. Uende ofisini kwake Nairobi, uiname huko, akupatie. Hakuna mtu atakuona."

Hakuna mtu atakuona!

Hapo ndipo damu iliponichemka. Mwalimu nampenda, na najua jinsi alivyombembeleza yule mtu kwa ajili yangu. Lakini ni yeye aliyetuambia kwamba mwenye mkanda mweusi hufanya zoezi lilelile, kwa nguvu zilezile, mwalimu akiwepo au asipokuwepo. Nilimwamini. Ndiyo maana nilikuwa naruka kamba peke yangu uani mchana wa Ramadhani, wenzangu wamelala. Sasa anataka niwe mtu mmoja ukumbini na mwingine ofisini, mlango ukifungwa.

Nimekaa na simu mkononi karibu saa nzima. Mara tatu nimeandika "sawa, nitaenda". Mara tatu nimefuta.

Mwishowe nimeandika hivi: "Mwalimu, shukran sana, lakini Nairobi sitakwenda. Mwambie achukue fomu yangu ya mtihani, aandike kwamba nimeshindwa, aandike na sababu, kwamba sikuinama, kisha atie sahihi."

Nimetuma. Ameshausoma. Mimi siongezi neno.