Baba Hakufa, na Shamba Limeshagawanywa

Jumapili. Baridi ya mwezi wa saba imekaza, ukungu umefunika vilima tangu alfajiri na nguo nilizoanika juzi bado mbichi. Sikwenda kanisani. Nimesema ni kwa sababu ya kumwangalia Baba. Ukweli ni kwamba sikutaka kuambiwa "Mungu ni mwema" na mtu asiyejua yaliyotokea katika nyumba hii.

Niko na hasira. Wacha niandike kabla haijapoa.

Baba aliteleza kwenye matuta ya shamba akifukuza ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi, akavunjika mfupa wa paja. Alipasuliwa Machakos mjini, akawekewa chuma. Kaka zangu, Kioko na Mutua, wanaokaa Nairobi, walipiga simu tu. Mimi nilifunga kibanda changu cha matunda pale Kyumbi, nikawa naishi wodini, kisha nikamfuata Baba mpaka huku nyumbani. Hakuna aliyeniomba, na hakuna aliyeshangaa. Ndoa yangu ilivunjika zamani, kwa hiyo kila mtu anaamini sina pa kukimbilia wala cha kuacha.

Kule wodini daktari mmoja kijana alikuwa akimuuliza kila asubuhi, "Mzee, kama sifuri ni hakuna uchungu, na kumi ni uchungu ule mbaya kabisa, leo uko wapi?"

Baba alimjibu, "Mungu yuko."

Siku iliyofuata akasema mbili. Mbili! Na shuka ameikunja ndani ya ngumi, jasho linamtoka na baridi yote ile. Daktari hakubishana naye. Alimwomba akohoe, akamwomba ageuke kidogo, akawa anamtazama uso. Kisha akaniita kando. Akasema vidonge vya kawaida havitoshi kwa mfupa kama ule, na mgonjwa asiyeweza kujisogeza hawezi kufanya mazoezi, na asipofanya mazoezi hatatembea vizuri tena. Angempa mofini ya kunywa, ya siku chache tu, halafu apunguziwe. Akanionyesha jinsi ya kuipima. Akanionya nisizidishe hata tone, nimkimbize hospitali nikiona analala kupita kiasi au anapumua kwa shida, na nimpe mapapai kwa sababu dawa ile hufunga tumbo.

Jambo moja hakulijua. Baba alikuwa ameshawahi kuiona dawa hiyo.

Mama alifia hapa nyumbani, katika chumba hiki hiki anacholala Baba, kwa saratani. Wiki zake za mwisho alikuwa akinywa mofini ya maji, kutoka kwenye chupa ya plastiki kama hii. Mimi nilikuwa nimesahau ile chupa. Baba hakusahau.

Nilipoitoa kwenye mfuko aliitazama muda mrefu sana.

"Ndunge, mbona hamkuniambia?"

"Kukuambia nini, Baba?"

"Kwamba nimekwisha."

Nilimweleza yote, mfupa, chuma, mazoezi, siku chache. Alinisikiliza kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto akidanganya. "Hata mama yako mlimwambia ni ya kupunguza uchungu tu," akasema. Ni kweli. Tulimwambia hivyo hivyo.

Akaikataa. Alilala akiuma blanketi, akilia kwa sauti ya chini ili nisisikie. Akaniamuru niwaite kaka zangu.

Walifika Ijumaa. Niliwaeleza nje, kando ya gari, kwamba mzee anapona, kinachomsumbua ni hofu ya chupa, nikawasihi wamwambie. Kioko akasema, "Sawa, tutaongea naye." Wakaingia, wakakaa, wakamwacha aanze.

Baba akagawa shamba. Sehemu ya juu yenye kisima, ya Kioko. Sehemu ya chini mpaka mtoni, ya Mutua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chai. Hakuna aliyeuliza habari yangu. Baba mwenyewe ndiye aliyenikumbuka.

"Ndunge ataolewa tena," akasema. "Asipoolewa, kaka zake hawatamfukuza."

Kioko akasema, "Amina."

Amina!

Wakanywa chai niliyopika, wakaondoka. Ndipo Baba akaniambia nilete hiyo dawa, maana sasa mambo yake yalikuwa sawa. Niliipima kama nilivyoonyeshwa. Akanywa, akakunja uso kwa ule ukali wake, na baada ya muda ngumi zikafunguka. Akalala kama mtoto. Nilikaa karibu nikihesabu pumzi zake, mimi ambaye sina hata tuta moja.

Jana aliamka akaomba muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Akasimama na magongo yake, akafika mlangoni, akacheka. Kisha akaniambia jambo ambalo bado linanikwaruza moyoni: "Kumbe mama yako alikuwa akipumzika. Miaka yote hii nimedhani mlikuwa mnamharakisha."

Nililia. Nilidhani baada ya hapo mengine yangejipanga yenyewe.

Leo asubuhi nikamuuliza. "Baba, umeona hufi?"

"Nimeona."

"Na yale maneno ya Ijumaa?"

Akageukia dirisha. "Mzazi akishasema akiwa kitandani, hasemi mara mbili. Kurudisha ni laana."

"Lakini hakikuwa kitanda cha kufa."

"Mimi nilijua ni hicho."

Nikampigia Kioko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya huruma, "Dada, si vizuri kuleta mambo ya shamba wakati mzee ni mgonjwa."

Nilikata simu. Ningeendelea, ningesema maneno ambayo hayaandikiki hata hapa.

Mchana nilimpa dawa yake. Kwa kipimo kile kile, bila kuzidisha, bila kupunguza. Hasira yangu na Baba ni moja na uchungu wake ni mwingine, na sitaki mtu aseme nilivichanganya. Alinishika mkono akaniita mwaitu, mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Huniita hivyo akifurahi. Nikautoa mkono wangu polepole, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Kesho nitapika uji, nitampa dawa, kisha nitampigia Mutua. Nitamwambia aje akae na baba yake, kwa maana mimi ninaenda mjini kuuliza mtoto wa kike akinyimwa shamba huanzia ofisi gani.