Usiseme Hujui

Kawangware, 9 Desemba 2007

Kwako Mukai, mdogo wangu,

Sasa? Natumai wewe na Mbithi wako mko salama. Huku hatuna neno, ni kelele tu za magari ya kampeni.

Nimepata kazi! Nazunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza wanawake kuhusu dada zao. Nani amefariki, na je, alikuwa mjamzito, ama alikuwa anajifungua, ama ndio alikuwa ametoka kujifungua? Wengi hufia nyumbani bila hospitali kujua, kwa hivyo anayebaki kuwahesabu ni dada. Jana nilikuwa kwa Wacera, mwenye ploti ya vyumba vya kupanga hapa chini. Dadake alikufa zamani. "Alikuwa na mimba?" Akanikodolea macho. "Sasa mimi ningejuaje? Mtu huulizwa hivyo?" Nikaandika "hajui". Na kwa hesabu zetu, hajui ni sawa na hakuwa nayo.

Nijibu, mvivu wewe. Nashon wa maziwa hupita kwetu na kwenu kila Jumapili.

Dadako, Mutheu

Kianda, Kibera, 16 Desemba 2007

Dada Mutheu,

Niko poa, mzima kabisa. Mbithi anakusalimia.

Nimecheka hadi nikamwaga chai. Yaani unalipwa kuuliza maneno ambayo mama alitukataza? Umesahau? Mimba haitangazwi. Tumbo likikua litajisema lenyewe, na kabla ya hapo unaalika jicho baya tu. Huyo Wacera angekumwagia maji, mimi ningempigia makofi.

Krismasi uje, na usije mikono mitupu.

Mdogo wako, Mukai

Kianda, 13 Januari 2008

Dada,

Uko hai? Tangu matokeo ya kura yatangazwe na vita kuanza, kadi za simu hazipatikani, na Nashon peke yake ndiye anayethubutu kupita. Sisi wazima. Mbithi analala na viatu miguuni, tayari kukimbia.

Dada, Lavender amekufa. Yule jirani wa mlango wa pili, aliyekusuka Pasaka. Alishikwa na tumbo asubuhi, akazimia pale kwa bomba la maji. Tulimbeba na blanketi hadi barabarani, lakini matairi yalikuwa yanawaka, hakuna gari lililokubali kusimama. Alitufia mikononi. Ploti nzima inasema vita ndivyo vimemuua. Hata Kaveke, dadake anayekaa Kambi Muru, anasema hivyo hivyo.

Lakini mimi najua. Alikuwa na mimba changa. Aliniambia mimi tu, maana vitunguu nilivyokuwa nakaanga vilikuwa vinamtapisha, na akaniapisha nisimwambie mtu. Nifanye nini?

Mukai

Kawangware, 27 Januari 2008

Mukai wangu,

Tuko hai, Mungu ashukuriwe. Ploti ya nyuma iliungua, yetu ikapona. Poleni sana. Nimemlilia Lavender.

Vita vilifunga barabara, sibishi. Lakini kilichomwangusha pale bombani ni mimba. Kazi yetu imesimama, ila itarudi, na siku moja mtu kama mimi atabisha hodi kwa Kaveke. Naye atasema hakuwa na mimba, na atasema kwa moyo safi kabisa. Mimi siruhusiwi kuandika ninachojua, naandika anachosema dada. Lavender atakuwa amekufa hivi hivi tu. Nawafikiria wote niliowaandikia "hajui", na roho inaniuma.

Uliapa, na siwezi kukulazimisha. Lakini kiapo kile kilikuwa cha kumlinda mtoto azaliwe. Sasa kinamlinda nani?

Dadako, Mutheu

Kianda, 17 Februari 2008

Dada Mutheu,

Nilienda kwa Kaveke. Nilikaa hadi chai ikapoa, sijui pa kuanzia. Nilipomwambia alinitukana, akasema namchafua marehemu. Halafu akaniuliza, "Alikuwa amefurahi?" Nikamwambia alifurahi sana, alikuwa ameanza hata kuchagua majina. Wee! Kaveke alilia kuliko alivyolia kwa mazishi. Akinisindikiza akasema, "Wacha waje. Nitawaambia."

Sasa mimi. Kila mara nakuandikia niko mzima. Si kweli, dada. Niko na mimba, bado changa, na kuna siku naona damu. Hata Mbithi hajui. Naogopa. Nimekuambia wewe ili siku wakibisha kwako, usiseme hujui.

Mukai

Kawangware, 17 Februari 2008

Mukai,

Hujambo? Leo nauliza kweli.

Sitaki jibu la kuwapa watu wa hesabu. Nakutaka wewe. Nashon aliponiletea barua yako nilimwambia asirudi huko bila mimi, na barabara leo iko wazi. Nimeandika na kuipitisha barua hii chini ya mlango wako kwa sababu nakujua: ukiniona tu utaanza kusema uko mzima. Kwa hivyo soma kwanza, halafu mwambie Mbithi, uchukue leso ya kujifunga na sweta.

Ukimaliza fungua mlango. Nimesimama hapa nje, tunaenda hospitali.

Dadako, Mutheu