Mama Hajapanda Ndege

Hado, Jeju
Tarehe 9 Novemba, 2018

Mpendwa kaka Jae-ho,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Kile kifua chako kimepona? Na wifi Kyoko na mtoto, wanaendeleaje huko Osaka? Huku upepo umeanza kuuma na machenza yameiva. Mwili wangu ni mzima, ila rohoni siko sawa, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Wifi alinipigia simu baada ya karamu ya kumkumbuka marehemu mama. Anasema meza ilipangika: samaki, wali, hata zile chapati za kuviringishwa zenye figili ndani. Mkaacha mlango wazi ili aingie ale, lakini mlingoja mpaka chakula kikapoa, na nyumba haikuhisi mtu. Mwanao akauliza, "Mbona bibi haji?" Nami huku sikumwandalia kitu, maana karamu uliihamishia kwako, na wewe ndiye mwana wa kwanza.

Ulipokuja mwezi wa nne kuichukua roho yake, uliikumbatia ile blauzi yake nyeupe ya kupigia mbizi na kumwita kila tulipovuka, ili asibaki nyuma: mlangoni, darajani, kwenye gari. "Mama, tunatoka. Mama, twende." Nililia kwa furaha. Nilipokuuliza kama safari haitamchosha, ulinicheka. "Jeju mpaka Osaka ni kilomita mia nane na ushee tu, dada, saa moja na nusu angani. Bi mkubwa hata hatapata muda wa kulalamika kwamba chai ni baridi!"

Sasa wifi kanitobolea siri. Kwenye mlango wa ndege hukumwita. Bosi wako alikuwa nyuma yako kwenye foleni, ukaona haya. Kaka, nimekasirika mno! Mama hakupanda ndege maisha yake yote. Alikuwa akiibuka majini anazitazama zinavyoshuka, anasema hizo ni za watu wenye haraka. Bila kuitwa angepandaje?

Juzi alikuja Bi Malsun, mwenzake wa mbizini, ambaye siku hizi anafagia uwanja wa ndege wa hapa kwetu. Anasema asubuhi, abiria kabla hawajafika, anausikia ukumbini ule mluzi wa pumzi wanaoutoa wapiga mbizi wakiibuka majini.

"Mi-ran, yule ni mama yako. Nimepiga mbizi naye tangu usichana, we unadhani nitamkosea? Anazunguka pale na njaa yake."

Naogopa, kaka. Nikifumba macho namwona kwenye foleni, nguo zinamchuruzika maji, na watu wanampita tu. Hiyo saa moja na nusu yako, yeye bado hajaianza.

Kwa hiyo usibishane nami. Nimekata tiketi ya Ijumaa ijayo. Nitabeba miwani yake ya mbizi na nitamwita kwa sauti tangu ukumbini mpaka kitini, wacheke watakaocheka. Mwambie wifi apike upya.

Nisalimie wifi, mtoto Ha-jun, na mama mdogo Chun-ja. Mbingu ziwafunike kwa amani nyote mlio mbali na kaburi la wazazi.

Uje mwenyewe kutupokea, hata kama upo na bosi wako. Na ukituona tunatoka, msalimie mama kwanza.

Wako akupendaye,
dada yako Mi-ran