Simu Iliyokuja Imeshiba

Kashebere, Walikale
Jumatano, tarehe 8 Novemba 2023

Mpendwa dada Valérie,

Kabla hata sijakusalimu, acha nitoe jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama, hata padri kwenye kitubio. Kuna mwanaume nilikuwa naongea naye kwenye simu isiyo yangu. Haya, nimeandika, na mkono haujakatika. Sasa naweza kukusalimu.

Hujambo, dada? Shemeji Grégoire je, na kazi? Myriam wetu ameshaota meno mapya ya mbele? Huku Mungu anatuchunga. Mgongo wa Mama unamsumbua mvua ikinyesha, na huku mvua haina likizo. Watu waliokimbia kutoka Bihambwe wangali wanalala kwenye madarasa yetu, kwa hiyo tunasoma chini ya hema, Kifaransa upande huu, kikohozi upande ule. Barua hii nampa Sœur Anastasie anayeshuka Kisangani, maana mambo yake sitaki yapite hewani.

Kazi ya nyumba yetu unaijua, weye mwenyewe njo ulinifundisha. Plaki za jua za kutoa umeme bado ziko juu ya bati, na ubao wa prizi za kuchomekea simu bado uko nyuma ya duka, karibu na kitanda cha Esdras mdogo wetu. Wachimba madini wanaotoka Bisie, wenye pikipiki, walimu, wote wanatuachia simu asubuhi zichajiwe, tunabandika jina kwa skochi. Na neno lako tulilishika: simu ya mteja haiachwi ilie peke yake kama mtoto. Ikilia, aliye karibu anapokea kwa adabu, anasema mwenyewe atarudi saa ngapi. Watu walitupendea hilo. Jioni wanauliza, "Kétsia, simu yangu imeshiba?" Mimi naitikia kwa kichwa tu. Papa anacheka: "Huyu mutoto anachunga sauti yake kama sukari!"

Lakini kwenye simu, dada, mimi ni mtu mwingine. Hakuna macho ya kunitazama.

Simu moja ilikuwa inaletwa na mwenye pikipiki, jina juu yake Edmond. Ikalia. Aliyepiga akasema Edmond njo yeye mwenyewe, anataka kujua kama simu yake imeshiba. Kesho yake akapiga tena. Akasema sauti yangu iko ya redio. Nilicheka! Mimi, ninayejificha nyuma ya daftari mwalimu akiuliza swali. Nikaanza kuingoja ile simu ilie. Mwishowe akaniomba nijipige picha humo humo kwenye simu yake, nikiwa na yunifomu, aikute akiichukua. "Ikuwe siri yetu wawili," akasema. Usinicheke, nilikuwa nimeshachana nywele.

Kilichoniokoa ni Esdras. Nilimkuta chini ya ubao wa prizi, ameshika simu ile ile sikioni, anatabasamu. Nikamsikia: "Ndiyo, Papa iko. Gari yake itaenda Masisi siku ya soko, asubuhi, kuchukua maharage." Kisha akanong'ona, "Hapana, sitaambia mutu. Siri yetu wawili."

Maneno niliyoambiwa mimi, dada, kinywani mwa mtoto wa miaka saba.

Nikamnyang'anya. Nikasema kwa sauti yangu ile ya redio, "Gari tuliuzisha, na mutoto anaenda kulala." Nikaizima. Halafu Esdras akaniangalia usoni: "Kwani nimefanya mubaya? Na weye unaongeaga naye."

Hapo ndipo nilikumbuka betri ya simu hiyo. Kila asubuhi simu ya Edmond ilikuja karibu imejaa, na mimi nikaona ni bahati, haitamaliza moto wa umeme wa wengine. Nani analipa kushibisha aliyeshiba? Ile simu haikuletwa ishibe. Ililetwa ipokelewe, na wapokeaji wa nyumba hii ni watoto. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kuichukua. Iko kwenye droo, imefungwa na ufunguo.

Basi nikafanya nilichoweza. Nilimwambia Papa betri inajaa mbio simu ikizimwa, na si uongo. Sasa kila mteja anazima simu yake mbele yetu kabla ya kuondoka. Wengine wananung'unika, wanazoea. Ile adabu yako, dada, tumeizika, unisamehe. Ilikuwa nzuri kabla ya hii vita.

Esdras sikumtisha. Mtoto ukimtisha anajifunza kuficha, mimi njo mfano. Tunacheza mchezo. Mimi nasimama nyuma ya mlango: "Alo, mutoto muzuri, Papa iko?" Yeye anajibu, "Weye njo nani?" Nasema, "Nitakupa bonbon tamu." Anasema, "Mama, kuya hapa, kuna mutu wa bonbon!" Ameupenda mpaka kupita kiasi. Jumapili katekista alibisha hodi, na Esdras akamsimamisha mvuani: "Weye njo nani?"

Kwa hiyo, dada, uliposema unampa Myriam simu ili anyamaze ukitwanga majani ya sombe, sikukatazi. Mpe, lakini akae miguuni pako, sauti iwe wazi uisikie. Ikilia, akuite bila kuigusa. Na mfundishe hili kabla ya herufi: mtu akisema "ni siri yetu", hiyo siri inafika kwa Mama kabla chakula hakijaiva. Mimi mdogo wako nakufundisha, najua. Lakini hili nalijua.

Linabaki moja. Papa anadhani ni mambo ya betri. Kesho ni siku ya soko, na gari linaenda Masisi kwa ile njia ya msitu ambako magari ya wafanyabiashara wenzake yamevamiwa na kuchomwa. Yule mtu anajua saa. Uongo wangu wa kuuzisha gari hautoshi kuwa ngao. Nikimwambia Papa habari ya Esdras, ataniuliza sauti ya yule mtu niliijulia wapi. Siogopi fimbo, Papa hanipigi. Naogopa atakavyonitazama. Lakini anitazame vibaya akiwa mzima. Nimeamua: nitamwambia leo.

Umsalimie sana shemeji, umbusu Myriam kwenye yale meno. Shangazi Béata umwambie vitenge vyake vilifika vikavu. Mungu aliyewavusha ninyi mpaka Kisangani awafunike, na sisi asitusahau huku njiani.

Mdogo wako akupendaye bila siri tena,
Kétsia

Nasikia buti za mpira barazani, Papa anakwangua matope. Siku nyingine karatasi hii ingekuwa tayari chini ya godoro. Leo iko mezani, wazi, mwanga wa dirisha juu yake. Amefungua mlango: "Unaandikia nani, weye wa sukari?" Ninaweka kalamu, dada. Nimjibu kwa sauti.