Kwa Fundi Masikio, Mwaka Mmoja Baada ya Mlima wa Hospitali

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu gari lako mwenyewe lilipokupeleka hospitali likarudi bila wewe. Tulidhani kufikia sasa tungekuwa tumezoea. Hatujazoea.

Mtaa mzima ulikuita Fundi Masikio. Ulikaa kwenye benchi la karakana, chai mkononi, ukampigia kelele dereva anayepita: "Wewe, plagi yako moja imechoka!" Masikio hayohayo hayakuwahi kumsikia Mama akikuita kula. Ilibidi aje akushike mkono kama mtoto, nawe unacheka.

Wagonjwa wako walikuwa magari ya zamani. Wenyewe walikuja na injini zinazogonga na chupa za dawa ya kuchanganya na petroli, wakidhani kazi imekwisha. Ulipima kifuniko kimoja, ukamimina tangini, ukawaambia, "Hii inatuliza tu, haiponyi. Ikigonga mlimani, legeza mguu. Usiilazimishe." Nasi wanao ulitufundisha hivyohivyo kabla hujatupa ufunguo. Kawia ufike, ulisema, mpaka tukachoka kuisikia.

Binti yako wa kwanza ndiye aliyeyashika sana maneno yako. Asubuhi ile kifua kilipokubana, yeye ndiye aliyekaa kwenye usukani. Ulikuwa kitandani wiki mbili, hakuna aliyekumbuka kutia dawa tangini mwa gari lako, na petroli ilikuwa ile hafifu ya kituo cha jirani. Katikati ya mlima wa hospitali injini ikaanza kugonga, kama kokoto ndani ya kopo. Ulikuwa nyuma, kichwa mapajani mwa Mama, na bado uliisikia.

"Punguza, mwanangu."

"Baba, tutachelewa!"

"Ikifia hapa hatufiki kabisa. Punguza."

Akapunguza. Hajawahi kukukatalia neno maishani mwake. Mkapanda kwa gia ya kwanza, taratibu, Mama akikupepea kwa upande wa khanga yake. Mlipofika juu ulikuwa umenyamaza. Daktari alisema mngewahi robo saa tu, angekuwa na la kufanya.

Baba mdogo, fundi mwenzako, aliifungua injini wiki ileile ya msiba. Hakuwa na nia mbaya, ila mdomo wake hauna breki. "Pistoni hazina hata mkwaruzo," akasema mbele ya watu wote. "Ingepanda tu, hata angekanyaga mpaka mwisho." Binti yako alikuwa amesimama pale na sinia la vikombe. Alilitua chini polepole, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo hajagusa usukani. Anakwenda kazini kwa miguu, saa nzima, mvua au jua. Tumemwambia hana kosa, alikutii tu. Mama amemwambia, shangazi amemwambia, hata baba mdogo amempigia magoti. Anajibu neno moja: "Ningekanyaga." Maji yakimwagika hayazoleki, Baba, naye kila siku yuko chini anayazoa.

Tungependa kuandika hapa kwamba siku zinaponya. Hatuoni dalili. Karakana tumeifunga. Mama anakula akiwa amesimama, na hakuna anayethubutu kumwambia akae.

Wanaokukumbuka ni binti yako wa kwanza; mkeo, mama yetu; mdogo wako, ambaye siku hizi hupima maneno kabla ya kuyatoa; dada yako; wajukuu zako; na sisi wanao watatu tulioandika haya. Binti yako wa kwanza aliomba tusimweke. Alisema hastahili kuhesabiwa miongoni mwa waliokupenda. Tumemweka, kwa sababu wewe ungeanza na yeye. Msamaha wako lakini hatuwezi kumpa, ni wako, na umekwenda nao.

Tutakukumbuka daima, sisi sote. Yeye, hata akiomba apumzike siku moja tu, hapati.