Moto Ulioanzia Juu

Kwamatuku, Handeni

Mama Zuhura,

Natumaini mmeamka salama huko Dindira na baridi haijakusumbua magoti. Mimi mzima, ila ugali wangu bado unafaa kujengea ukuta. Vuli imechelewa, nyasi zimekauka mpaka zinalia ukizikanyaga. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu siku hizi simu yako anapokea mdogo wako Hamisi.

Wiki iliyopita moto uliteketeza ghala la mahindi la Mzee Mdoe, aliyetukodisha shamba. Kijiji kizima kinamshuku Lemayan, mfugaji anayeniuzia maziwa, kwamba amechoma ili nyasi zichipue. Hata mimi nikaacha maziwa yake. Jumamosi kuna mkutano wa kumfukuza na ng'ombe wake.

Jana akanijia. "Mzee wa chai," ndivyo anavyoniita kwa kuwa natoka milimani kwenye chai, "njoo uone."

Nikamfuata, fimbo nimeikamata vizuri, maana sikumwamini. Akanipeleka juu kabisa ya shamba letu.

"Sisi tunachoma mvua zikiisha tu, nyasi zina ubichi, moto hauendi mbali," akasema. "Wazigua wanangoja jioni, upepo utulie. Huu uliwaka asubuhi. Na aliyewasha alipalilia ukanda huku juu, akaanzia hapa ili ushuke polepole. Nani anachoma hivyo?"

"Sijui," nikamwambia. Akanitazama masikio, nadhani yalikuwa yanacheza kama kawaida yangu nikidanganya.

Ndivyo tunavyochoma kwetu milimani, Mama Zuhura. Asubuhi ya Dindira ina ukungu, moto unatambaa kama konokono. Hapa saa nne tu upepo umeshaubeba.

Asubuhi ile mimi nilikuwa mnadani, Hamisi ndiye aliyebaki kusafisha shamba. Niliporudi nikamkuta amefunga mzigo, ati mama yenu anaumwa. Mbona juzi Zuhura, alipowahi simu kabla ya mjomba wake, kaniambia bibi yake yuko bondeni anavuna maharage?

Najua ukimtetea utanishinda, kama kawaida. Lakini Lemayan ana watoto, na kwa ukame huu hana pa kuwapeleka ng'ombe. Hamisi apande basi Ijumaa. Asipokuja, nitasimama mwenyewe niseme moto ulitoka shambani kwetu. Mzee Mdoe akitunyang'anya shamba, utanipokea huko na sufuria zangu.

Msalimie binti yetu. Mama mkwe mpe pole, kama kweli aliumwa. Hamisi usimsalimie, msomee hii barua.

Mumeo,
Baba Zuhura