Shikamoo Haikuisha

Mjukuu wangu Zawadi,

Huku Ujiji hatujambo, na mama yako mdogo kajifungua salama. Umeuliza kama wewe, daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, bado una haja ya kurudi darasani.

Nilipokuwa nesi kijana, tulimlaza mama mmoja, muuza dagaa wa Kibirizi. Alilalamika, "Nikisimama, naona giza." Kila asubuhi nilimpima presha akiwa amelala, nayo ilikuwa nzuri. Nikamwambia, "Huumwi, mama. Ni woga tu." Siku ya tatu daktari akaingia wodini, na yule mama, kwa adabu za kwetu, akainuka amwamkie. Shikamoo haikuisha mdomoni, akaanguka. Yaliyofuata siyasimulii.

Miaka mingi baadaye, kwenye semina, mkufunzi akasema: mpime amelala, kisha mpime amesimama, maana presha nzuri ya kitandani huweza kushuka ghafla mtu akiinuka. Kalamu ilinidondoka. Ni wangapi niliwaambia ni woga?

Sasa mimi mwenyewe nikiinuka naona giza. Nesi wa zahanati hunipima nimekaa, akatabasamu: "Presha nzuri, bibi. Ni woga tu." Naogopa, Zawadi, maana sauti ile ni yangu.

Nenda darasani, kisha uje unipime.

Bibi yako, niliyeshika ukuta